Mshahara wa Rangi Katika Kilindini

Wako wasemao kwamba umaskini wa wachukuzi wa Kilindini zama za Waingereza ulitokana na uvivu. Na wako wasemao ulitokana na roho mbaya za mabwana wachache. Kauli zote mbili zina upungufu.

Historia yatuonyesha jambo la tatu, nalo ni kanuni. Mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kuwa wa mtu mseja, ikidhaniwa kwamba mke na watoto watalishwa na shamba la kwao. Tena wengi walikuwa vibarua: meli isipokuja, hapana ujira. Ndipo Januari 1947 watu wapatao 15,000, wa bandarini, relini na majumbani, wakaacha kazi siku 12. Chege Kibachia, mkuu wa chama chao, alikamatwa mwaka uo huo akahamishiwa mbali.

Wala haikuwa bandarini tu. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri kwamba Mwafrika katika kazi ya serikali apewe mafungu 3 kwa 5 ya mshahara wa Mzungu, kazi ikiwa moja. Kanuni kama hiyo haikuhitaji karani mwovu. Hata karani mwema, akiandika daftari lake kwa uaminifu, alimdhulumu mwenziwe.

Tume ya Lidbury iliikataa kanuni hiyo mwaka 1954. Lakini mtoto aliyekosa shule kwa ufinyu wa mshahara wa babaye hakurudishiwa miaka yake. Basi tutazamapo maskini wetu, tusiulize tu ni nani aliyewachukia; tuulize pia hesabu yao iliandikwaje.