Meno ya plastiki: mganga alitushinda wapi? (Sehemu ya 5)

Wamama wenzangu, na ninyi akina baba mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, ndaga. Tunaendelea na historia ya meno yetu.

Wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza: "Dada nesi, mwanangu ana miaka 11, jino la chonge la chini limeota limelala upande. Wanaweza kulinyoosha kwa waya?" Nikamuuliza swali moja tu: alipokuwa mchanga alitolewa meno ya plastiki? Akakaa kimya kidogo, halafu akajibu, ndiyo, akiwa na miezi 6. Alikuwa anaharisha sana.

Basi leo tuzungumze hapo.

Kwanza, plastiki haipo. Kile kitu cheupe, laini, anachokitoa mganga kwenye fizi ni chipukizi la jino la chonge la utoto. Ni laini kwa sababu halijakomaa. Chini yake, ndani ya taya, linajengeka chonge la ukubwani. Ukichokoa cha juu kwa spoku ya baiskeli unaweza kumjeruhi wa chini pia, naye akaja miaka 10 baadaye akiwa amepinda, ana madoa, au asije kabisa. Hapo sijataja damu kumwagika, pepopunda, na virusi vinavyopita kwenye chuma kimoja kutoka mtoto hadi mtoto. Wapo watoto waliokufa.

Msidhani ni mambo ya kwetu tu. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Pindborg, aliandika kuhusu watoto wa Uganda waliotolewa machonge. Sudan, Kenya na Ethiopia nako yapo. Hapa Tanzania, Hiza na Kikwilu walichapisha mwaka 1992 utafiti wao wa kijiji kimoja cha mbali, watoto wakiwa na mapengo ya aina hiyohiyo. Mwaka 1997 wakarudi na utafiti mwingine, safari hii wakiangalia kwa nini wazazi wanakwenda kwa waganga.

Hilo "kwa nini" ndilo linaloninyima usingizi. Maana Muhimbili walianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979, na Mbeya pana chuo cha matabibu wa meno. Wataalamu tulikuwa nao. Mbona mama alimkubali mganga?

Tazama mganga anavyofanya. Mama akifika anakaribishwa, anakaa. Anaulizwa mtoto ameanza lini, analiaje usiku. Mganga anafungua mdomo wa mtoto, anamwonyesha mama ule uvimbe mweupe kwenye fizi: umeuona? Anataja bei kabla hajagusa kitu. Huna hela, lete kuku, au malizia baada ya mavuno. Akimaliza anakuwekea "plastiki" kiganjani. Halafu kuhara kunakoma baada ya siku chache, kama kunavyokoma kwenyewe mara nyingi, mganga anapata sifa. Na umri huo wa miezi 4 hadi 18 ndio mtoto anaanza uji, anatambaa, anaokota kila kitu na kutia mdomoni. Lazima atahara wakati fulani! Meno yanasingiziwa tu.

Sasa njoo kwetu. Foleni tangu asubuhi, dakika 3 na mtaalamu, karatasi, dirisha la malipo. Nami nikiri, miaka yangu ya mwanzo kazini nilimfokea mama mmoja aliyeleta mtoto ana kidonda cha fizi. Mbele ya watu. Akachukua mtoto wake, akaondoka, sikumwona tena. Mpaka leo sijui yule mtoto aliponaje.

Kuna historia nyuma ya ukavu wetu huo. Mwaka 1977 sheria ilizuia tiba binafsi ya kibiashara, zikabaki hospitali za serikali na za mashirika ya dini. Serikalini tiba ilikuwa bure, na kizazi kizima cha watumishi kikakua bila kuzoea kukaa na mgonjwa na kumweleza bei. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa, kliniki binafsi zikafunguliwa, za meno zikiwemo. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama kwenye hospitali za serikali. Ghafla mama anatajiwa hela, na anayetaja hajui kueleza hela hiyo ni ya nini. Mganga muda wote huo alikuwa anaongea bei na watu wake kama kawaida.

Sisi wa Lyulilo biashara hii tunaiona kila Jumamosi. Vyungu vya akina mama Wakisi vinashuka kutoka Ikombe, na hakuna anayenunua kwa kufokewa. Unakigonga kwa kidole, unasikiliza mlio kama kina ufa, unauliza bei, mnapatana. Muuzaji anakuacha ugonge.

Kwa hiyo mama yetu wa chonge lililolala nilimwambia hivi. Kunyoosha kunawezekana, ila kwanza ipigwe picha ya taya, waone mzizi ukoje. Waya si kazi ya siku moja, mara nyingi ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kurudi kukazwa kila baada ya wiki kadhaa. Usiseme ndiyo kabla hujauliza: jumla ni kiasi gani, cha kuanzia kiasi gani, kinachobaki nalipaje kwa awamu, waya ukikatika nalipa tena? Nauli ya Kyela hadi Mbeya iingize kwenye hesabu, na siku za shule pia. Daktari akikunja uso kwa maswali hayo, tafuta mwingine.

Na mwenye mchanga anayeharisha leo: nyonyesha, mpe maji ya ORS na zinki, mlete kituoni. Chini ya miaka 5 serikalini hatozwi. Akiwa na macho yaliyodidimia, damu kwenye choo, au hawezi kunyonya, usisubiri asubuhi.

Yule mama ameniandikia jana usiku. Ameenda kupiga picha. Alichotaka nimjibu kwanza ni kama mwanae atamlaumu. Sijamjibu bado. Walio na watoto wakubwa waliopitia haya, nisaidieni hapo chini.