Boresha, sasisha, karabati: msamiati wa kompyuta kuukuu ya mezani

Kitenzi boresha kimetokana na kivumishi bora, na maana yake ya msingi ni kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Kwa upana huo hutumika kwa kilimo, barabara, mishahara na hata lugha yenyewe, wala hakuna anayepata taabu kukielewa. Taabu huanza kinapoingia katika maelezo ya kompyuta. Hapo hubebeshwa kazi za vitenzi vingine vinne au vitano, na msomaji anayefuata maelezo hayo akiwa na fedha kidogo mkononi huweza kununua kitu asichokihitaji. Makala hii inachambua maneno ya kazi moja mahususi: kuiongezea nguvu kompyuta kuukuu ya mezani, kifaa kimoja baada ya kingine, kadiri fedha inavyopatikana.

Kuukuu, kongwe, chakavu, mtumba

Kompyuta iliyotumika miaka kumi haiitwi "kompyuta mzee", kwa kuwa -zee kwa kawaida ni kivumishi cha watu na wanyama. Haiitwi kongwe pia, ila kwa mzaha: -kongwe hubeba heshima ya umri, kama tunaposema mji mkongwe au chama kikongwe, na kompyuta kongwe ni ile inayostahili kuwekwa katika makumbusho. Neno linalofaa ni kuukuu, yaani kitu kilichotumika sana na kupoteza upya wake, lakini bado kinatumika. Chakavu ni hatua ya mbele zaidi. Katika hati za manunuzi na minada, kifaa chakavu ni kile kinachosubiri kufutwa katika orodha ya mali, na vyuma chakavu huuzwa kwa kilo. Mfasiri anayeandika "jinsi ya kuboresha kompyuta chakavu" anamwambia msomaji, bila kukusudia, kwamba juhudi yake ni bure.

Mtumba ni jambo jingine. Neno hilo hueleza njia ambayo kifaa kimepitia, halielezi hali yake. Kompyuta ya mtumba iliyotoka katika ofisi ya Ulaya inaweza kuwa na miaka minne tu, na iliyonunuliwa mpya dukani inaweza kuwa kuukuu kuliko hiyo.

Mezani, na kasha linaloitwa "CPU"

Kompyuta ya mezani isichanganywe na eneokazi. Eneokazi ni ile sura ya kioo yenye alama za programu, unayoiona baada ya mashine kuwaka. Kwa Kiingereza vyote viwili vina jina moja, na kwa hiyo si ajabu kukuta tafsiri inayomwagiza msomaji "afungue skrubu za eneokazi". Kinyume cha kompyuta ya mezani ni kompyuta mpakato, ambayo Wakenya wengi huiita kipakatalishi. Tofauti hii ina uzito katika mada yetu, kwa sababu kompyuta ya mezani kwa kawaida hufunguka na vifaa vyake vingi huchomoleka kimoja kimoja, ilhali katika mpakato nyingi za siku hizi kumbukumbu imeunganishwa moja kwa moja na ubao na haiwezi kuongezwa.

Lipo kosa jingine lililoenea mno kiasi cha kuonekana sahihi. Madukani na maofisini, watu huliita kasha zima "CPU". Kwa kweli CPU ni prosesa peke yake, kijenzi kidogo cha mraba kinachokaa chini ya feni; baadhi ya waandishi hukiita kichakataji. Mwenye ofisi akiandika "CPU imeharibika, tunaomba mpya", fundi hana njia ya kujua kama anaombwa prosesa, kasha tupu au kompyuta nzima isiyo na kioo. Katika mazungumzo mazoea hayo hayana madhara makubwa. Katika hati ya maombi ya fedha, andika kasha, prosesa au kompyuta kamili, kila kimoja kwa jina lake. Ubao mkubwa ambao vifaa vyote huchomekwa juu yake ni ubao mama. Mafundi husema mazabodi.

Pawasaplai ni kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vijenzi, na hili ni neno ambalo sioni faida ya kulitafutia mbadala mrefu. Hata hivyo linahitaji tahadhari moja. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyuma ya kasha yenye alama 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda swichi yake ikawa kwenye 115, na ikichomekwa hivyo katika umeme wa Afrika Mashariki, pawasaplai huungua papo hapo. Maelezo yasiseme "rekebisha volti". Yaseme: "Kabla ya kuchomeka waya ukutani, sogeza swichi hadi 230."

Sasisha, huisha, boresha, hamia

Sasisha limeundwa kutokana na sasa: kukifanya kitu kiendane na wakati uliopo. Programu husasishwa. Kusasisha hakuhitaji kifaa kipya, na kwa kawaida hakugharimu ila muda na data za intaneti. Huisha lina asili katika hai, na maana yake ya awali ni kurudisha uhai. Katika maandishi ya kiofisi, hasa Tanzania, hutumika kwa taarifa na kumbukumbu za maandishi: kuhuisha daftari la wapiga kura, kuhuisha taarifa za mteja. Kusema "huisha programu" si kosa, lakini sasisha limekwisha kukita mizizi katika simu na kompyuta, na hakuna sababu ya kulihamisha.

Boresha, katika muktadha wa mashine, libaki kwa ajili ya kuongeza uwezo kwa kubadili au kuzidisha kijenzi. "Nimesasisha kompyuta" na "nimeboresha kompyuta" ni kauli mbili tofauti: ya kwanza haikugusa bisibisi.

Kuna hali ya tatu inayoangukia katikati, nayo ni kutoka toleo moja la mfumo wa uendeshaji kwenda jingine. Napendekeza hamia. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo maelekezo mengi humwambia mwenye kompyuta "aboreshe Windows". Akisoma hivyo, mtu hudhani kwamba kuongeza kumbukumbu kutatosha. Lakini Windows 11 huhitaji, pamoja na mengine, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na orodha rasmi ya prosesa za Intel zinazokubaliwa kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8. Kompyuta ya mwaka 2012 inaweza kujazwa kumbukumbu hadi pomoni na bado ikakataliwa. "Kompyuta hii haiwezi kuhamia Windows 11, inaweza kuhamia Linux" ni sentensi iliyo wazi. "Kompyuta hii haiwezi kuboreshwa" si kweli, na imewafanya watu watupe mashine nzima.

Karabati, kwa upande wake, ni kurudisha kitu katika hali njema kilichokuwa nayo. Kubadili betri ndogo ya mviringo iliyoko kwenye ubao mama, ile inayotunza saa ya kompyuta, ni ukarabati: mashine haitakwenda kasi zaidi, ila tarehe itaacha kurudi nyuma kila inapozimwa. Kupangusa vumbi kwenye feni ni ukarabati vilevile. Pandisha hadhi huwafaa watu na taasisi, kama kituo cha afya kinapofanywa hospitali. Diski haina hadhi.

Kumbukumbu na hifadhi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kumbukumbu, ambayo wengi huiita RAM, ni mahali ambapo kompyuta huweka kazi inayoendelea wakati huo. Umeme ukikatika, yote yaliyokuwamo hutoweka. Hifadhi ni mahali ambapo faili hukaa hata mashine ikizimwa: diski kuu, au SSD. Ukitaka mfano wa nyumbani, kumbukumbu ni meza ya jikoni na hifadhi ni kabati. Mwenye meza ndogo hupika taratibu hata kabati lake likiwa kubwa.

Chanzo cha mkanganyiko ni simu. Kadi ndogo ya kuwekea picha iliitwa memori kadi, kisha memori tu, na "memori imejaa" ikawa na maana ya kwamba hakuna nafasi ya picha nyingine. Kwa hiyo mtumiaji anayesema kompyuta yake "ina memori ya GB 500" anazungumzia diski. Mfasiri akikutana na neno la Kiingereza lenye maana ya kumbukumbu akaandika memori, msomaji wake atafikiria hifadhi. Linganisha sentensi hizi:

"Ongeza memori ya kompyuta yako ili iwe na kasi." Msomaji atanunua diski kubwa zaidi, na huenda kasi isibadilike hata kidogo.

"Ongeza kumbukumbu (RAM) kutoka GB 4 hadi GB 8." Hapa hakuna nafasi ya kukosea. Kifupisho kikiwa ndani ya mabano hakikidhalilishi Kiswahili; ndicho kilichochapwa kwenye kifaa chenyewe, na mnunuzi atakitafuta kwa macho dukani.

Ndani ya hifadhi kuna tofauti nyingine. Diski kuu ya kawaida ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 7200 kwa dakika katika kompyuta za mezani, na kichwa kinachosogea kutafuta data. SSD haina kitu kinachozunguka. Ikiunganishwa kwa njia ya SATA, ambayo ipo hata katika mashine za miaka ya 2010, SSD husoma hadi takriban megabaiti 550 kwa sekunde, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba haisubiri sahani izunguke ili kulifikia faili. Kwa kompyuta kuukuu yenye diski ya kuzunguka, hii kwa kawaida ndiyo hatua ya kwanza yenye manufaa makubwa kuliko bei yake. Kwa sababu hiyo tafsiri isiishie kwenye "diski mpya". Diski mpya ya kuzunguka ni diski mpya pia.

Kabla ya kubadili diski, nakala rudufu ya faili hufanywa kwanza. Na kitenzi badilisha kitumike kwa uangalifu: "badilisha diski" huweza kueleweka kama kugeuza mipangilio yake. "Toa diski ya zamani, weka SSD mahali pake" ni ndefu zaidi na haipotezi mtu.

Kidogo kidogo, kwa awamu, dunduliza

Kidogo kidogo huhusu kiasi. Hatua kwa hatua huhusu mfuatano. Kwa awamu huhusu mpango uliogawanywa kwa vipindi. Kwa mada hii, kwa awamu ndilo lenye maana kamili, kwa kuwa kila awamu huiacha mashine ikifanya kazi. Kwa upande wa fedha, Kiswahili kina kitenzi kizuri kinachosahauliwa: dunduliza, yaani kuweka akiba kidogo kidogo mpaka itoshe jambo. "Alidunduliza miezi mitatu akanunua SSD" husema kwa neno moja yale ambayo "kwa bajeti finyu" huyagusa kwa mbali.

Methali ya haba na haba hupenda kujitokeza katika makala za namna hii, nami naona haifai. Nafaka ya leo na ya kesho hujaza kibaba kimoja. Vijenzi vya kompyuta havijumlishwi hivyo: kile kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho huwachelewesha wenzake, na kuongeza kilicho na nguvu tayari hakuleti kitu. Kijenzi hicho dhaifu nakiita kikwazo. "Shingo ya chupa", inayoonekana katika baadhi ya tafsiri, ni picha ya lugha nyingine. Msomaji wa Kiswahili hulazimika kuikisia. Swali la kuandika katika mwongozo ni hili: "Kikwazo kiko wapi?" Kompyuta ikichukua dakika nyingi kuwaka huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, mshuku diski. Ikiwaka vizuri kisha ikazorota baada ya kufunguliwa kurasa nyingi za intaneti, shuku kumbukumbu. Ikipiga kelele ya feni na kujizima, anza na vumbi.

Oana

Kivumishi kinachosumbua kuliko vyote katika miongozo hii ni kile cha kueleza kwamba kifaa kimoja kinaweza kufanya kazi na kingine. Wengine huandika "kinafaa", ambalo halitoshi: kifaa chaweza kufaa kwa kazi na bado kisiingie. Tangamana lipo na linaeleweka, ila huleta sauti ya watu kuishi pamoja. Oana ni fupi na sahihi, kwa vifaa kama lilivyo kwa rangi za nguo: "kumbukumbu inayooana na ubao mama huu".

Mwongozo ulio mzuri hutaja vizuizi vya kuoana kabla ya bei. Kumbukumbu za aina ya DDR3 na DDR4 hazioani. Pengo lililokatwa ukingoni mwa kila moja liko mahali tofauti, na kadi ya DDR4 ina pini 288 pale ambapo DDR3 ina 240. Mfumo wa Windows wa biti 32 hautumii zaidi ya GB 4 za kumbukumbu, hata ukichomeka 16. Pawasaplai za baadhi ya kompyuta za ofisi za Dell na HP zina plagi za pekee, na ya kawaida ya dukani haichomeki. Prosesa mpya mara nyingi hudai ubao mama mpya, na ubao huo hudai kumbukumbu mpya. Hapo vitenzi hubadilika: anayenunua vyote vitatu haboreshi tena kompyuta yake. Anaunda nyingine ndani ya kasha lilelile, na gharama iandikwe hivyo katika hati yake.