Moto wa Uluguru: Safari Ndefu ya Kuni, Mkaa na Gharama ya Jiko

Mwezi wa Julai ukungu hushuka Mgeta, katika milima ya Uluguru, ukalala juu ya mashamba ya njegere na kabichi mpaka jua lipande. Katika baridi hiyo moto wa jikoni haupiki tu. Watoto huuota kabla ya kwenda shule. Moshi wake hukausha mahindi yaliyopangwa darini na kufukuza wadudu wanaotoboa mbegu. Jioni ndio mwanga wa kulia chakula. Moto mmoja una kazi nne, na yeyote anayetaka kumshauri Mluguru apunguze gharama ya nishati hana budi kuanzia hapo. Kwa zaidi ya miaka 100, wengi waliokuja na ushauri huo hawakuanzia hapo.

Kabla ya wageni, Waluguru waliishi katika milima hii kwa koo zinazofuata upande wa mama, na jiko lao lilikuwa mafiga matatu. Kuni zilitoka katika matawi makavu na mashamba yaliyofyekwa. Hazikuwa na bei sokoni, ila zililipiwa kwa shingo na mgongo wa mwanamke aliyezipandisha mlimani. Wataalamu wa leo huyalaumu mafiga kwa sababu sehemu kubwa ya joto hupotea pembeni mwa chungu. Ni kweli, lakini katika nyumba ya mlimani joto hilo la pembeni ndilo lililoipasha familia. Tena ubanaji matumizi haukuanza na wataalamu. Kaa la moto lilifukiwa katika majivu likalala mpaka asubuhi, na aliyezimikiwa alikwenda kwa jirani kuomba moto. Kuni mbichi ziliachwa zikauke, kwa kuwa kuni mbichi hula joto lake zenyewe kabla ya kumpa mpishi.

Huko bondeni, misafara ya kwenda bara ilipita karibu na Simbamwene, mji wa chifu Kisabengo ambao msafiri Henry Morton Stanley aliuona mwaka 1871. Mabadiliko makubwa yalikuja na Wajerumani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mji ukaanza kukua kuizunguka stesheni. Mwaka 1909 utawala wao uliifanya misitu ya Uluguru kuwa hifadhi. Mpaka ukachorwa, na kuni zilizokuwa upande wa pili wa mpaka zikapata mwenyewe. Nia ya kulinda vyanzo vya maji ilikuwa na msingi, lakini hakuna aliyemletea mama wa Kinole au Matombo huko milimani njia ya kupika kwa kuni chache zaidi.

Waingereza walirudia kosa hilo kwa nguvu zaidi. Mwaka 1950 walianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kazi nzito iliyokula siku zao za shamba. Mwaka 1955 watu wa Matombo walipinga hadharani, fujo zikazuka, na mpango ukafa. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Kilichokataliwa ni amri iliyomwongezea mkulima kazi bila kumwongezea chakula. Somo hilo linalihusu jiko sawasawa na lilivyohusu shamba.

Baada ya Uhuru, Morogoro, huo mji kasoro bahari, uliendelea kupanuka, na mkaa ukachukua nafasi ya kuni katika nyumba za mjini. Sababu zinaeleweka. Mkaa ni mwepesi kubeba, hauna moshi mwingi, haukai na kuoza, na unauzwa kwa kopo au kisado kwa mwenye fedha ya leo tu. Lakini ni nishati yenye hasara kubwa kabla haijafika jikoni. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa hula kilo sita hadi kumi za miti. Na maskini anayenunua kwa kopo kila siku hulipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye uwezo wa kununua gunia zima.

Kadiri Dar es Salaam ilivyokua, misitu ya miombo ya mkoa wa Morogoro iligeuka kuwa ghala lake la mkaa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Tanzania inatumia takribani tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, karibu nusu yake Dar es Salaam. Jiji hilo hunywa maji ya Ruvu, mto unaoanzia Uluguru. Mji ule ule unaotegemea miti isimame ili upate maji umekuwa ukilipia miti ianguke ili upate ugali. Wakati huohuo mkoa wa Morogoro umezalisha umeme wa taifa tangu bwawa la Kidatu lilipoanza kazi mwaka 1975, nao umepita kwenye nyaya juu ya majiko yanayofuka moshi.

Nafuu ya kwanza ya kweli ilitoka kwa mafundi. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, nchi nyingi zilianza kutafuta namna ya kubana nishati. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Kenya waliboresha jiko la bati kwa kulitia kikombe cha udongo uliochomwa, wakijifunza pia kutoka Thailand, na jiko hilo likaenea Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, shirika la TaTEDO limeshughulika na teknolojia za namna hiyo tangu 1990. Udongo huzuia joto lisikimbilie kwenye bati, na jiko lililotengenezwa vizuri huokoa kati ya theluthi moja na nusu ya mkaa. Hakuna askari aliyemlazimisha mtu kulinunua. Mama alilichukua kwa sababu gunia lilidumu zaidi.

Amri, kwa upande wake, ziliendelea kuonyesha udhaifu wake. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa, na katazo halikudumu zaidi ya wiki chache. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta hayo, na mwenye jiko la mchina linaloyatumia akajikuta amebaki na mkaa. Wilayani Kilosa ilijaribiwa njia nyingine kuanzia 2012. Vijiji vilitenga sehemu ya misitu yao, vikavuna mkaa kwa mzunguko wa miaka 24 ili visiki vichipue tena, na ushuru ukabaki kijijini. Hapo mwananchi alikuwa na sababu ya kuulinda msitu.

Mwaka 2024 nchi ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mwaka huohuo Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kuzalisha umeme. Mitungi midogo ya gesi imetolewa kwa ruzuku, na jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa umeme kidogo wa LUKU. Kwa nyumba ya Msamvu au Kihonda, mjini Morogoro, hesabu hizi zinaweza kushinda gunia la mkaa. Kwa nyumba ya Nyandira, huko Mgeta, hazijatosha. Gesi itapika chakula, lakini haitakausha mahindi wala kumpasha mzee anayetetemeka alfajiri. Huko panahitajika jiko la udongo lenye bomba la moshi, ghala zuri la mbegu, nyumba isiyopitisha upepo, na migrivea iliyopandwa kwenye mipaka ya shamba ili kuni zitoke nyumbani.

Ndugu msomaji, leo usiku loweka maharage, funika sufuria, pasua kuni ndogo na uzikaushe vizuri. Nafuu hiyo haisubiri mradi. Na wewe mpanga mipango, kabla hujaandika katazo jingine, panda Mgeta mwezi wa Julai, ukae pamoja na wenyeji kando ya moto, ukahesabu kazi zake zote. Mpango utakaoiacha hata moja bila jibu utawarudisha watu msituni.