Kumtafuta mama kwenye mwambao wa Gitaza na Rumonge

Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kabezi kupita Gitaza, Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya maji na milima. Gitaza, katika komine ya Muhuta, iko pale ambapo mlima unakaribia kugusa ziwa. Barabara kuu itokayo Bujumbura hupita chini yake, na masika yakizidi udongo huporomoka na kuifunga. Ziwa halifungwi na udongo. Ng'ambo ya magharibi kuna Uvira, Baraka na nchi ya Fizi. Kusini kuna Kigoma. Kila janga lililowahi kuukumba mwambao huu limewasukuma watu kwenye mitumbwi, na nyuma yao wamebaki watoto waliolelewa na bibi, shangazi au mke mwingine wa baba. Historia ya binti anayemtafuta mama yake hapa ni historia ya namna watu walivyoondoka, kwa sababu kila namna ya kuondoka iliacha alama zake, au haikuacha yoyote.

Zama za biashara ya watumwa ndizo zilizoacha alama chache kuliko zote. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Rumonge ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Ujiji, na Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ndiye aliyekuwa na nguvu kaskazini mwa ziwa. Waliochukuliwa hawakuandikwa popote. Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, wakawa wanakomboa watoto na kuwalea misheni. Mei 1881 ugomvi juu ya mtoto mmoja, ambaye wenyeji walimdai na wamisionari wakakataa kumtoa, uliishia kwa mapadri Deniaud na Augier kuuawa pamoja na mlei d'Hoop, na misheni ikafungwa. Vitabu vya historia husimulia tukio hilo kama mauaji ya wamisionari, na ndivyo lilivyokuwa. Lakini chanzo chake kilikuwa swali la nani mwenye haki ya kukaa na mtoto, na swali hilo lilirudi tena wakati wa Wabelgiji, safari hii likiwa na mihuri ya serikali.

Ubelgiji iliitwaa Burundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na baadaye ikaitawala pamoja na Rwanda kwa jina la Ruanda-Urundi. Watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu walionwa na watawala kuwa hatari kwa mpangilio wa rangi. Wengi waliondolewa kwa mama zao wakiwa wadogo na kupelekwa misheni. Kwa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, kituo kikubwa kilikuwa Save, kusini mwa Rwanda, chini ya Masista Weupe. Uhuru ulipokaribia, watoto wapatao 300 walisafirishwa kutoka Save hadi Ubelgiji kati ya mwaka 1959 na 1962, wakagawanywa kwa familia na makao ya watoto. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa, na majina na tarehe za kuzaliwa zilibadilishwa. Mama wengi hawakujua kusoma, na karatasi zilizohusu watoto wao ziliandikwa kwa lugha ya ofisi.

Jambo la ajabu kuhusu watoto hawa ni kwamba karatasi zao zipo. Utawala uliowatenga uliwaandika kwa bidii, kisha ukayafungia majalada. Binti aliyeondoka mwaka 1960 akiwa na miaka minne alikuwa na miaka 63 pale Waziri Mkuu Charles Michel alipoomba radhi bungeni Brussels tarehe 4 Aprili 2019, mwaka mmoja baada ya bunge kupitisha azimio la kutaka nyaraka zifunguliwe. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua watoto hao kwa nguvu kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walioshtaki ni wanawake watano waliozaliwa Kongo na kupelekwa misheni ya Katende, Kasai. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000. Hukumu hiyo iliwahusu wao watano, ila hoja yake inafika hadi Save, na kupitia Save hadi Burundi.

Mwaka 1972 ni habari nyingine, na kwa mwambao huu ndio mwaka mzito kuliko yote. Tarehe 29 Aprili waasi Wahutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo ya jirani, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Makadirio ya waliouawa yako kati ya 100,000 na 300,000. Ndani ya nchi walengwa wakuu walikuwa wanaume Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, askari. Katika bonde la Imbo, kuanzia Rumonge kwenda kusini, vijiji vizima viliandamwa bila kuchagua, na waliosalia wakakimbilia ziwani.

Hapo ndipo kumtafuta mama kunapotofautiana na kumtafuta baba. Baba wa mwaka 1972 mara nyingi alichukuliwa kwenye gari mbele ya watu, na jibu juu yake, ingawa chungu, lilijulikana kijijini. Mama alikuwa mjane. Kwa desturi ya Burundi watoto ni wa ukoo wa baba, hivyo mjane aliyeolewa kwingine aliwaacha watoto kwa wakwe, na aliyekimbia usiku alivuka na mtoto aliyembeba mgongoni tu. Watoto waliobaki walikuta nyumbani maelezo mawili, "alikufa" au "alikutupa". Yote mawili yaliufaa ukoo, hasa pale ambapo shamba la michikichi lilikuwa limeshapata mwenyewe mwingine.

Kigoma mama huyo angeweza kupotea akiwa mbele ya macho ya watu. Kiha, lugha ya Waha wa huko, na Kirundi vinasikilizana, na wakimbizi wengi walijichanganya na Waha katika vijiji vya pwani bila kupita ofisi yoyote. Wengine walipelekwa makazi ya Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, ambako kila familia ilipewa shamba. Aliyeishi Katumba ana jalada. Aliyeishi na Waha anajulikana kwa majirani tu.

Majina nayo hayasaidii sana. Mrundi hapewi jina la ukoo: baba, mama na watoto saba wa nyumba moja wanaweza kuwa na majina tisa tofauti ya Kirundi, na jina kama Niyonkuru au Nduwimana hubebwa na maelfu. Mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo mtoto mdogo aliyeachwa huenda hakulisikia kamwe jina alilobatizwa mama yake. Karangamuntu, kitambulisho cha Burundi, ina mstari wa jina la mama, lakini hujazwa kwa maneno ya anayemleta kijana ofisini. Daftari la ubatizo la parokia ni shahidi bora, kwa kuwa liliandikwa mama mwenyewe akiwapo. Kwa familia za Kiislamu za Rumonge hakuna daftari la namna hiyo. Huko huulizwa wazee wa msikiti na manahodha wa zamani.

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 vilileta watoto wapya waliopoteza mama, na pia njia mpya za kutafuta. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, Gahuzamiryango, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma majina ya waliotafutana. Msalaba Mwekundu ulibeba barua za wazi zenye habari za kifamilia tu kutoka kambi hadi kambi. Mwaka 2015, nchi ilipoingia tena katika machafuko, makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho kando ya ziwa karibu na mpaka, huku kipindupindu kikiwaua. Meli ya MV Liemba iliwasomba hadi Kigoma, na safari hii kuorodheshwa kulianza mapema.

Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyotajwa katika mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 na kuundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imekuwa ikitafuta makaburi. Mwaka 2020 ilifukua mabaki ya zaidi ya watu 6,000 katika mkoa wa Karusi, na baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Kazi hiyo inawafaa zaidi wanaotafuta waliouawa. Anayetafuta mama aliyevuka ziwa alipata msaada mahali asipotarajia: tume ya ardhi iliyoanzishwa mwaka 2006, CNTB. Waliorejea kutoka Tanzania walidai mashamba yao ya Rumonge mbele yake, na ili kuthibitisha dai walilazimika kutaja mke wa nani alikuwa nani, alizaa na nani, aliondoka lini na kwa mtumbwi wa nani. Kesi za mipaka ya shamba zikafungua habari ambazo koo zilizifunika tangu mwaka 1972.

Si wote waliorejea. Tanzania ilipowauliza wakimbizi wa makazi ya zamani mwaka 2007, takribani wanne kati ya watano walichagua uraia, na zaidi ya 160,000 walikubaliwa. Mama aliyepatikana Katumba au Mishamo kwa hiyo huenda ni Mtanzania, mwenye mume na watoto wengine wanaozungumza Kiswahili na Kirundi kidogo. Binti yake wa Gitaza humfikia kwa basi, kupitia Nyanza-Lac na kituo cha mpaka cha Mugina hadi Manyovu na Kigoma, akiwa na hati ya kusafiria ya muda. Na akitaka jina la mama huyo liandikwe upya kwenye kitambulisho chake, anahitaji hukumu ya mahakama na mashahidi.