Vitambaa, Pedi na Mwasho wa Hedhi Kasese
Kabla ya pedi za dukani kuenea, wanawake wa Kasese na Bwera, kama wenzao wengi wa Uganda, walijihifadhi kwa vipande vya nguo kuukuu za pamba. Pamba yenyewe haikuwa na ubaya. Kilichodhuru ni kufichaficha. Kitambaa kilifuliwa kwa siri, kikaanikwa uvunguni, kikavaliwa kingali kibichi, na unyevu pamoja na msuguano vikaleta mwasho. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya mgodi wa Kilembe, mji ukakua, lakini pedi za viwandani zilibaki ghali kwa familia nyingi. Miaka ya 2000 Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni MakaPads, pedi za mafunjo. Kampuni ya AFRIpads nayo ikaanza kushona pedi za kufuliwa mwaka 2010.

Hata pedi hizo haziondoi kila mwasho: manukato ya pedi au sabuni huchokoza ngozi, na fangasi hushamiri penye joto na majimaji. Nafuu huja kwa kubadilisha pedi kila saa 4 hadi 6, kunawa sehemu za siri kwa nje tu kwa maji matupu, na kukausha vitambaa juani kabisa, bila kuona haya. Utoko wenye harufu mbaya au mabonge meupe huhitaji kituo cha afya.