Barafu ya Kibo katika Mizani ya Atomi

Historia ya hali ya hewa ya Kilimanjaro katika enzi zisizo na maandishi ilipatiwa vipimo mwaka 2000, pale watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walipotoboa barafu ya kilele cha Kibo na kuchomoa nguzo sita, ndefu kuliko zote ikikaribia mita 51, ambazo wapagazi walizishusha mlimani ili zisafirishwe zikiwa bado zimeganda hadi Columbus, kilipo chuo hicho.

Huko zilipimwa kwa spektromita ya tungamo, yaani mashine inayozitia molekuli chaji ya umeme ziwe ioni, kisha ikazipitisha kwenye uga wa sumaku ambamo nyepesi hupinda zaidi kuliko nzito, hata zikatengana. Asili yake ni majaribio ya J. J. Thomson huko Cambridge, na ya Francis Aston aliyeunda mashine sahihi zaidi mwaka 1919, ingawa ni Alfred Nier wa Minnesota aliyeifanya, kuanzia mwaka 1940, iwe chombo cha kawaida cha maabara. Kinachotafutwa katika barafu ni isotopu za oksijeni, atomi zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni tu: takriban mbili katika kila elfu ni oksijeni-18, na kwa kuwa maji yenye atomi hiyo nzito huchelewa kugeuka mvuke na huwahi kuganda au kudondoka, kila theluji hubeba uwiano wake. Harold Urey alionyesha mwaka 1947 kwamba uwiano wa namna hiyo huhifadhi athari za joto. Lakini Willi Dansgaard wa Denmark alibainisha mwaka 1964 kwamba katika nchi za tropiki wingi wa mvua una nguvu kuliko joto, na onyo hilo linaihusu Kibo moja kwa moja, kwani barafu yake haiwezi kusomwa kama kipimajoto.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliipa barafu ya chini kabisa umri wa miaka 11,700 hivi, na kulihusisha tabaka la vumbi lililomo katika nguzo na ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita. Ikumbukwe, na jambo hili husahaulika mno, kwamba mashine hupima uwiano na haitaji umri: tarehe za kale zilipatikana kwa kulinganisha mchoro wa oksijeni wa Kibo na ule wa mawe ya pango la Soreq, Israeli, pango lililo mbali sana na mlima wenyewe. Ndiyo maana Georg Kaser na wenzake, mwaka 2010, walikuwa na haki ya kuhoji kama barafu hiyo ilidumu bila kukatika muda wote huo.

Mabishano hayo hayawezi kusubiri sana, kwa sababu eneo la barafu lililokuwa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 lilibaki 2.6 kufikia mwaka 2000, na limeendelea kupungua. Hata hivyo, kwa wakulima wa migomba na kahawa juu ya Moshi, maji ya mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji, hutokana zaidi na mvua ya ukanda wa msitu kuliko barafu. Kinachoyeyuka kileleni ni kumbukumbu ya mvua zilizowanyeshea waliowatangulia, na sehemu yake iliyohifadhiwa imo katika vyumba vya baridi vya Columbus.