Fungu la Tatu ni la Mateka

Tarehe 19 Septemba 1580, katika bandari ya Algiers, merikebu ya Hasan Pasha, aliyekuwa mtawala wa mji huo, ilikuwa inajiandaa kung'oa nanga kwenda Constantinople. Ndani yake, amefungwa minyororo, alikuwamo askari Mhispania wa miaka 32, mkono wake wa kushoto umelemaa kwa majeraha ya vita. Alipotekwa baharini mwaka 1575 alikutwa na barua za wakubwa zinazomsifu. Watekaji wakaona wamepata mtu mzito, bei ikapanda hadi escudo 500 za dhahabu. Ndugu zake walichangishana, hazikutosha. Mtawa Juan Gil akachota kwenye sadaka, akakopa kwa wafanyabiashara, akalipa. Askari akateremshwa. Ndiye Miguel de Cervantes, aliyekuja kuandika Don Quixote.

Kwa Gil hiyo ilikuwa kazi ya kila siku. Kanuni ya shirika lake, la Utatu Mtakatifu, iliyoidhinishwa na Papa Inosenti III mwaka 1198, iligawa mapato mafungu matatu. La tatu lilikuwa la kukomboa mateka. Wamersedari, shirika jingine la watawa lililoanzia Barcelona mwaka 1218, walikwenda mbali zaidi. Wao waliweka nadhiri ya nne: fedha zikipungua, mtawa abaki rehani, mateka aende zake. Uislamu nao ulishatenga fungu la zaka kwa ajili ya kukomboa walio utumwani.

Lakini fidia ina kasoro yake: anayelipa leo humtajia mtekaji bei ya kesho. Swali la kulipa au kutolipa lilifika hata pwani yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walinunua watoto katika soko la watumwa la Zanzibar ili wawaachie huru. Kila mtoto aliyenunuliwa alitoka sokoni; muuzaji naye aliondoka na fedha mfukoni.

Mashirika mengi ya kimisionari ya leo yamelijibu swali hilo kwa kukataa kulipa. Januari 1993, wapiganaji wa FARC, waasi wa Colombia, waliwateka wamisionari watatu wa New Tribes Mission nchini Panama, wakadai dola milioni 5. Shirika halikulipa. Watatu hao hawakurudi, na mwaka 2001 shirika lilitangaza kwamba waliuawa. Huko Haiti, Oktoba 2021, genge la 400 Mawozo liliteka watu 17 waliokuwa na shirika la Christian Aid Ministries, likataka dola milioni moja kwa kila kichwa. Baadaye shirika lilikiri kwamba mtu wa nje alilipa fidia. Hata hivyo genge halikuwaachia wote: 12 walitoroka usiku, kwa miguu.

Kulipa hakukuwarudisha wote, na kukataa hakukumrudisha hata mmoja. Wamersedari walilijua hilo mapema, ndiyo maana hawakutegemea fedha peke yake. Cervantes naye hakusahau: alipofariki mwaka 1616, alizikwa Madrid, katika nyumba ya watawa wa Utatu Mtakatifu.